Sahani Kumi za Troyeville

Kidawa Mbaruku alipofungua ofisi yake ya upelelezi asubuhi ya Alhamisi alimkuta mteja amekwisha kukaa kwenye ngazi, koti la kiume mapajani na bahasha juu ya koti. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha ghorofa ya tatu, Marshalltown, katikati ya Johannesburg, juu ya wachuuzi wa soksi na chaja. Baridi ya Julai ilikuwa imelala humo bila kulipa kodi. Kidawa aliwasha hita, akamvutia mgeni kiti, akachukua kalamu. Miaka kumi na minne ya usajenti katika polisi ya Tanga ilikuwa imemfundisha kwamba mtu aliyebana bahasha namna ile haulizwi habari za nyumbani kwanza.

"Nani amepotea?"

"Bwana yangu," alisema yule mwanamke. "Naitwa Denise. Yeye ni Damien Byamungu, fundi cherehani wa pale Rockey Street. Alitoka Jumatatu kwenda kazini, hakufika. Simu imezimwa."

"Polisi umekwenda?"

Denise alifungua bahasha. Ndani mlikuwa na nakala ya pepa ya asailamu, ile karatasi ya hifadhi ya ukimbizi yenye muhuri ambayo mgeni akiikosa mfukoni hana raha hata ya kwenda dukani. Kidawa alisoma tarehe ya mwisho: 19 Julai 2019. Akatazama kalenda ukutani. Ilikuwa tarehe 18.

"Faili ni ya Damien," alisema Denise. "Mimi na watoto wawili tumeandikwa chini yake. Kesho inatakiwa tusimame Pretoria kuirefusha, wote wanne, na foleni inaanza kabla ya jua. Bila yeye na pepa yake hawatuangalii. Kesho kutwa polisi akinisimamisha kwenye taa za robot, niko mtu bure. Na watoto hivyo hivyo. Sasa niende polisi niwaambie nini, mama?"

Kidawa aliivuta simu karibu. Alipiga simu hospitali tatu, vituo viwili vya polisi na chumba cha maiti cha Hillbrow, akasema jina lile lile mara sita na kupata jibu lile lile mara sita. Denise alisikiliza kila simu huku amefumba macho. Ya mwisho ilipoisha alishusha pumzi, akasema ahsante, kana kwamba Kidawa ndiye aliyeyakatalia mauti yasimchukue mumewe.

"Ana maadui?"

"Tangu aingie siasa ya Umoja, ana maadui tu."

Umoja wa Mafundi na Wachuuzi wa Yeoville ulikuwa na baraza la watu kumi na tisa. Wanachama wa kawaida hawakumchagua mwenyekiti. Baraza ndilo lililomchagua, kwa kunyoosha mikono, na baraza hilo hilo ndilo lililomwangusha likitaka, na katika miaka mitatu lilikuwa limetaka mara nne. Hakuna kundi lililotosha peke yake. Évariste, Mkongo wa Lubumbashi, Katanga, alikuwa mwenyekiti kwa kura tano za Wakatanga, nne za Watanzania na moja ya Damien, fundi wa Bukavu aliyewaacha watu wake wa Kivu ili apitishe kanuni mpya: kila mwanachama apige kura yake mwenyewe, kwa siri. Kumi kwa tisa. Tisa za upande wa pili zilikuwa za Pacifique, na Pacifique alikuwa ameitisha kura ya kumwondoa Évariste Jumamosi.

"Na Pacifique ni nani kwako?"

"Saluni ninayosukia ni yake," alisema Denise, akainamisha kichwa. "Lakini si yeye, mama. Yeye mwenyewe ananiuliza kila siku Damien yuko wapi. Mimi ninamfikiria Salum, mkubwa wa Watanzania. Jumapili kwenye mkutano alimwambia Damien mbele ya watu: wewe ukituhama, nitakufunga miguu."

"Damien ana ugonjwa wowote?"

"Vidonda vya tumbo. Akigusa pilipili analala sakafuni."

Kidawa aliandika pilipili. Kisha alipekua lile koti la Damien. Kwenye mfuko wa ndani alikuta kurasa nne zilizopigwa chapa, rasimu ya kanuni mpya za Umoja, na nyuma ya ukurasa wa mwisho anwani ya kalamu ya risasi: Bwana Lobo, Troyeville. Akazitia mkobani na kushuka ngazi mbili mbili.

*

Salum alikuwa na duka la vitenge Rockey Street, na alikuwa mcheshi kupita kiasi kwa mtu aliyeamka salama.

"Afande," alisema, ingawa Kidawa hakuwa afande tena. "Karibu. Kitenge au kesi?"

"Damien yuko wapi?"

"Nani kakwambia namfuga mimi?"

"Jumapili ulisema utamfunga miguu."

"Dada yangu, Jumapili nilisema mengi. Ungeandika yote ungemaliza daftari."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Hiyo hiyo Jumapili. Akatoka zake, nami nikatoka zangu."

Alijibu haraka, bila kukuna kichwa, kama watu wanavyojibu swali walilolitayarishia jibu. Kidawa alijifanya kupapasa kitambaa cha maua. Nyuma ya majora, juu ya gazeti, hotipoti tatu kubwa zilikuwa zimeinamishwa zikauke. Ukingoni mwa moja palibaki mstari wa rangi ya chungwa ambao sabuni haikuuweza.

"Siku hizi unapikia mawese, Salum? Mtu wa Kariakoo?"

"Za jirani hizo."

"Jirani gani?"

"Jirani tu."

Chini ya hotipoti mtu alikuwa ameandika herufi V kwa rangi ya kucha. Kidawa aliaga. Alipofika mlangoni aligeuka, akamkuta Salum amekwisha kuzifunika hotipoti kwa kitenge. Ilikuwa saa nane na nusu na hakuwa amekula kitu tangu asubuhi.

*

Sokoni Yeoville kila mtu alimjua mwenye herufi V. Victorine alikuwa akitwanga majani ya muhogo ya sombe kwenye kinu kilichofika mabegani mwake, na hakuacha kutwanga alipoulizwa.

"Hotipoti ni zangu. Salum ni muteja muzuri. Tangu Jumatatu anakamata sahani kumi kila siku."

"Sahani za nini?"

"Sita ni sombe na makayabu, na bukari ya kuchanganya mahindi na muhogo. Ine ni wali na kuku. Kuku anamuleta yeye mwenyewe toka kwa muchinjaji wa Fordsburg, na anataka nimupike mu sufuria ya peke, sufuria isiyopata kuona nguruwe."

"Na pilipili?"

Mchi ulisimama. "Umejuaje? Tisa na pilipili. Moja ya sombe, hapana. Jumatatu nilisahau, Jumanne akarudi na kelele, anasema mutu aliumwa usiku kucha."

Basi Damien alikuwa hai, angalau mpaka Jumanne, na alikuwa mahali ambapo Salum alipajua. Hilo lilimtosha Kidawa kwa dakika nzima. Kisha likaanza kumkereketa. Mtu hamteki mwenziwe halafu akagombana na mpishi kwa ajili ya tumbo lake. Na zile sahani nyingine tisa zilikuwa za nani? Alizihesabu upya, safari hii kwa vyungu. Makayabu, samaki wa chumvi, na bukari, ugali wa kuchanganya, ni chakula cha Wakongo: sita. Kuku wa kuchinjwa Kiislamu, sufuria ya peke yake, ni Watanzania: wanne. Wakatanga watano na Damien. Salum na wenzake watatu. Hakuna nyumba moja Yeoville iliyopikiwa hivyo, ila ule muungano wenyewe, umekaa meza moja tangu Jumatatu.

"Évariste umemwona wiki hii?"

"Bibi yake anasema iko mu maombi ya kufunga, siku tano." Victorine alicheka puani. "Bale Batanzania wengine, banasema wameenda Durban kutafuta mali."

"Wanaofunga wanakula sombe yako?"

"Mimi ninapika tu, dada."

"Salum anakuja saa ngapi?"

"Leo alituma mutu mapema. Alisema dukani kumeingia macho. Hotipoti zingine zimetoka sasa hivi, hata nusu saa haiishe."

Kidawa alijilaumu kwa sauti, akatoka mbio kuelekea kituo cha teksi. Njiani alikuta duka la Salum limefungwa na pikapu yake, ile bakkie ya mizigo, haipo. Kilichobaki ni anwani ya kalamu ya risasi.

*

Majirani wa Troyeville walimdhania Bwana Lobo kuwa Mreno, na yeye alikwisha kuchoka kuwasahihisha. Alizaliwa Tanga, baba yake karani wa reli. Akarudishwa kwao Mangalore, India, akiwa kijana, akafanya kazi ya kusimamia uchaguzi katika jimbo la Karnataka mpaka alipostaafu, na sasa aliishi kwa binti yake na televisheni. Kiswahili chake kilikuwa cha Ngamiani ya zamani, safi, hata Kidawa akajikuta anamwamkia kama anavyowaamkia wazee wa kwao.

"Shikamoo, Bwana Lobo."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, tazama aibu yetu."

Kwenye televisheni watu wenye mavazi meupe walikuwa wakipigiana kelele bungeni. Mzee alieleza bila kuulizwa. Serikali ya jimbo lake ilikuwa ya vyama viwili vilivyoungana kwa sababu hakuna aliyeshinda peke yake. Sasa wabunge zaidi ya kumi wamejiuzulu, wamejifungia hotelini Mumbai, na leo hii imeletwa hoja ya imani.

"Hotelini kufanya nini?"

"Kukaa. Kwetu chama kikiogopa wabunge wake watanunuliwa, kinawapakia basi na kuwapeleka mahali pazuri, mpaka siku ya kura. Wanakula, wanacheza karata. Simu wananyang'anywa. Sheria ya kuzuia kuhama chama tunayo tangu mwaka themanini na tano, wakatafuta upenyo: hawahami, wanajiuzulu. Nimesimamia uchaguzi miaka thelathini, mwanangu. Nakwambia, ukirekebisha upigaji kura na usirekebishe namna ya kuwalinda waliopigiwa kura, umefagia nusu ya nyumba."

"Hadithi hii ulimsimulia nani hapa Johannesburg?"

Bwana Lobo alipunguza sauti ya televisheni. "Évariste, alipokuja nimsaidie rasimu ya kanuni. Alicheka sana. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza, wale wanazuiwaje wasitoroke?"

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba sijui. Nilikuwa upande wa kuhesabu, si upande wa kuficha." Mzee alianza kuona alikofikishwa, na uso ukambadilika. "Akaniuliza pia kama kuna nyumba ya wageni tulivu mtaa huu. Nikamwonyesha ile ya geti la buluu, kwenye kona. Nilidhani anapokea wageni wa harusi."

Kidawa alikuwa amekwisha kusimama.

*

Geti la buluu halikufungwa. Wala mlango. Hapakuwa na mlinzi, wala mbwa, na jambo hilo lilimtia wasiwasi kuliko kufuli. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu, jua linazama, na watu kumi walikuwa wamezunguka meza ndefu yenye kitambaa cha plastiki, sahani mbele yao. Salum alikuwa upande wa kuku. Upande wa makayabu, mwanamume mwembamba mwenye futi ya ushonaji shingoni alikuwa akila polepole.

"Damien," alisema Kidawa, "Denise anakutafuta."

Damien aliinuka nusu. Kisha alimtazama mtu mnene aliyekaa kichwani mwa meza, akarudi kukaa.

"Wewe ni nani?" aliuliza yule mnene, ambaye hakuweza kuwa mwingine ila Évariste.

"Mtu aliyetumwa na mkewe. Kwa nini hamkumwambia?"

"Anasukia kwa Pacifique. Kumwambia yeye ni kumwambia Pacifique." Évariste alipangusa vidole kwa utulivu. "Hapa hakuna mutu alifungwa, mama. Mlango uko wazi. Uliona mwenyewe."

"Niliona. Ndiyo maana nauliza, pepa zao ziko wapi?"

Macho ya wale tisa hayakujizuia. Yote yalishuka kwenye mkoba wa chuma chini ya kiti cha Évariste. Kidawa hakuhitaji zaidi. Simu kumi na pepa za kila mtu, zimekusanywa Jumatatu kama amana. Mtu gani wa Yeoville atatoka kwenye mlango ulio wazi bila karatasi yake?

"Mwaka jana watu wawili walitutoka usiku wa kuamkia kura," alisema Évariste, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeumia kweli. "Wawili tu. Kazi ya mwaka muzima ikaanguka. Safari hii tukishinda Jumamosi, tunapitisha kanuni saa ile ile, na mambo haya yanakwisha. Watu watapiga kura wenyewe. Siku mbili tu, mama."

"Yeye hana siku mbili. Pepa yake inaisha kesho, na mkewe na watoto wamo humo humo."

"Nilisema," alisema Damien. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo. "Nilisema Jumatatu. Nikasema tena Jumanne."

"Na Jumanne tukapiga kura," alisema Évariste. "Apewe au asipewe. Baraza ni baraza."

"Kwa mikono?"

"Kwa mikono."

"Ilikuwaje?"

"Alinyoosha yeye peke yake," alisema Salum, akitazama kuku wake.

Kidawa alipapasa mkoba wake, akatoa zile kurasa nne. Alikuwa na hasira na hakuificha. Alisoma kwa sauti kifungu cha nne: kura zote za Umoja, kubwa na ndogo, zitakuwa za siri, wala hakuna kiongozi atakayesimama mahali pa kumwona mpigaji. Akaziweka karatasi mezani kando ya sombe.

"Hii ndiyo mnayoifia Jumamosi. Ianzeni leo."

Évariste alitaka kusema kitu. Salum alimtangulia. "Mzee, huyu dada akienda huko nje akisema tumeikataa kanuni yetu wenyewe, Jumamosi tutasema nini?"

Wakafanya kwa vitu vya jikoni. Birika tupu liliwekwa ndani ya stoo, na kando yake bakuli mbili: mahindi makavu, kumaanisha apewe pepa yake aende; maharage, kumaanisha abaki. Kila mtu aingie peke yake, afunge mlango, atumbukize punje moja mdomoni mwa birika, atoke. Damien hakupiga, kwa kuwa jambo lilimhusu. Évariste naye alikataa.

"Mimi ni mwenyekiti. Sipigi. Mkilingana, hapo nitaamua."

Kidawa alisimama nje ya mlango wa stoo, akahesabu. Mkatanga wa kwanza aliingia, akatoka anatazama sakafu. Wa pili alikawia. Salum aliingia anapiga mluzi, akatoka hapigi. Wa nne, wa tano, wa sita. Damien alikuwa ameishika futi yake kwa mikono miwili, anaikunja na kuikunjua. Wa saba. Wa nane alitoka, akaketi.

"Lete birika," alisema mtu.

"Mimi nitaleta," alisema Évariste. Aliingia, mlango ukajifunga nyuma yake, na baada ya muda mfupi akatoka analishika birika kwa mikono yote miwili. Akalipindua juu ya kitambaa cha plastiki.

Yalitoka mahindi. Kidawa alizitenga punje moja moja kwa ncha ya kidole, akitafuta haragwe, hakuliona. Akahesabu. Akahesabu tena kutoka upande wa pili, kama alivyokuwa akihesabu risasi kituoni. Upande wa pili wa meza midomo ya Salum ilikuwa ikienda pamoja na kidole chake.

"Tisa," alisema Salum. "Lakini tulioingia ni wanane. Imezidi moja."

Watu walitazama mlango wa stoo, kisha wakamtazama mwenyekiti. Évariste alikuwa amekwisha kuinama chini ya kiti, mgongo wake umewageukia wote, anahangaika na kufuli ya mkoba wa chuma kwa funguo ambazo ghafla zilikuwa nyingi mno. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho katika baridi ile.

"Nyamaza, Salum," alisema bila kuinuka. "Unamchelewesha mtu foleni."

Mkoba ulifunguka. Pepa ya Damien ilikuwa ya juu kabisa.